Oili Haina Shemeji

Mkono wa Bi Shoka ulikuwa bado umenyooshwa, kiganja juu, na yadi nzima imenyamaza kusubiri kitakachoangukia ndani yake.

"Funguo," alirudia. "Au hata masikio nayo yameingia vumbi?"

Kwa aliyelitumia gazeti la wiki jana kufutia vioo, habari ni hii. Bi Shoka ni mjane mwenye malori, na jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Lori lake jipya, jekundu, ambalo halijamaliza mwaka, linaendeshwa na mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole wanayemwita Taratibu kwa sababu hapiti baiskeli bila kuiomba radhi. Sasa mkwewe Bi Shoka, meneja wa pale ofisini, ambaye marashi yake hufika kabla yake hata watu wakamwita Manukato, aliingia mbio akipepea majibu ya maabara. Oili ya lori jipya ilikuwa imepimwa. Chuma kimejaa. Shaba imejaa. Injini, alitangaza kwa sauti ya mtu anayeleta msiba, imeliwa.

Na imeliwa na nani, kama si na huyo anayeiendesha?

Taratibu alizitoa funguo mfukoni, akazitazama, akazishusha kiganjani mwa shemejiye.

"Shemeji, lori halina kosa. Mimi nalisikia kila siku. Lingekuwa linaumwa ningejua."

"Unalisikia!" Bi Shoka aliwageukia mafundi ili wasipitwe. "Fundi Pua ananusa, wewe unasikia. Amebaki wa kulilamba tu, tufungue hospitali."

Watu walicheka, ingawa si kwa sauti. Fundi Pua, mkuu wa gereji ya pale yadini, hakucheka. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuamini kipimo chochote kisichoota usoni kwake. Alichovya kidole kwenye kijiti cha kupimia oili, akakisugua, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Kuna chuma hapa, mama. Mimi nilikinusa tangu mwezi jana."

"Na mwezi jana ulinyamaza kwa nini? Pua ilikuwa likizo?"

Manukato alisogea, na marashi yake yakasogea naye. "Mama, tusipoteze muda. Tuliuze hivi hivi, kabla halijatufia mkononi. Nina mtu yuko tayari kulichukua hata leo."

"Wewe kila siku una mtu. Siku moja utuambie kama na wewe ni mtu."

Hata hivyo alimrushia zile funguo. Manukato alizidaka kwa mikono miwili na bado zikamponyoka. Bi Shoka alimtazama akiinama kuziokota, akajiuliza, kama alivyojiuliza siku ya harusi, bintiye aliona nini hapo.

Kisha akampa Taratibu vidonge vyake. "Naenda maabara mwenyewe. Wakiniambia hayo hayo, kile chumba cha uani nakitaka kitupu."

Hapo hakuna aliyecheka. Chumba cha uani ndiyo nyumba ya Taratibu. Ukuta wa yadi ile aliujenga yeye na kaka yake, tofali kwa tofali, wakati ambapo Bi Shoka mwenyewe alikuwa bado mchumba anayechungulia kwenye geti. Taratibu akaenda kukaa kwenye tairi kuukuu.

Usidhani, msomaji, kwamba Bi Shoka alikwenda maabara kwa kumhurumia. Alikwenda kwa sababu hamwamini mtu yeyote, na hapendi kudanganywa na watu wawili kwa pamoja.

*

Mpimaji wa oili alikuwa mwanamke mwenye koti jeupe na macho ya usingizi. Nyuma yake chupa ndogo zilijipanga rafuni, kila moja na uchafu wake.

"Nani amewaambia injini imekufa?"

"Mkwe wangu kasoma karatasi yenu."

"Kasoma, au katazama?"

Bi Shoka alishtuka. Ni mara chache mno hukutana na ulimi wa ukoo wake. Alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Lori lina umri gani?" mpimaji akauliza.

"Halijamaliza mwaka."

"Halijamaliza mwaka! Yule bwana aliyeleta chupa nilimuuliza kama ni jipya au kuukuu. Akanijibu lori ni lori, niharakishe anachelewa." Alipiga mwayo mrefu. "Mama, injini mpya vyuma vyake havijazoeana. Vinasuguana mpaka vikae sawa, na unga wake unaingia kwenye oili. Miezi ya mwanzo lazima uone chuma, lazima uone shaba. Nyie mnalia msiba wa mtoto anayeota meno."

"Kwa hiyo zima?"

"Sijasema zima. Mbona nyote mna haraka ya kuzika na kufufua? Kipimo kimoja ni picha moja. Picha haikwambii mtu anapanda ngazi au anashuka. Oili ile bado imo ndani?"

"Imo. Na lori limekwenda safari ndefu tangu mlipopima."

"Basi niletee nyingine, ya oili ile ile. Kama unga umeongezeka kidogo tu, injini inatulia. Kama umepanda mbio, kweli kuna kitu kinaliwa. Lakini msiiguse! Msimwage, msiongeze. Mkitia hata kikombe kimoja cha oili mpya, mtakuwa mmenidanganya na mmejidanganya."

Bi Shoka alirudi yadini na kuyatangaza hayo mbele ya kila mtu: mafundi, Taratibu kwenye tairi lake, Manukato, na bintiye aliyekuwa amekuja kumchukua mumewe. Kesho asubuhi oili inachukuliwa upya. Ole wake atakayeigusa.

"Kipimo cha nini tena, mama?" Manukato aliuliza, na jasho likaanza kushindana na marashi. "Kile cha kwanza hakikutosha?"

"Kwako hata cha kwanza kilizidi. Uliulizwa swali moja likakushinda."

Bintiye alikuwa akimtazama baba yake mdogo pale kwenye tairi. Jioni hiyo alikuja kula kwa mama yake, akaosha vyombo, akaaga mapema.

*

Asubuhi Manukato alipanda kwenye lori akaliwasha, maana kuwasha ndiyo kazi pekee anayoijua kwenye gari lolote. Injini ilinguruma hadi ikapata moto, kama mpimaji alivyoagiza, akaizima, akashuka akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Fundi Pua alikuwa tayari ameingia uvunguni na karai lake.

"Toka huko!" Bi Shoka alipaza sauti. "Karai hilo ndilo mnalomwagia oili ya malori yote, kuukuu na mapya. Mnataka kupima lori langu au mnataka kupima karai?"

"Mama, siku zote tunafanya hivi."

"Ndiyo maana siku zote mko hivi."

Mpimaji alikuwa amempa chupa mpya iliyofungwa, mpira mwembamba, na pampu ndogo ya mkono. Mpira ulipitishwa kwenye tundu la kijiti cha oili mpaka katikati, si chini kabisa kwenye mashapo. Fundi Pua aliivuta ile pampu kama mtu aliyelazimishwa kubeba mtoto wa jirani. Oili ikapanda taratibu, ikajaa chupa, rangi ya kahawia.

Pua ikashuka kwenye mdomo wa chupa. "Oili safi hii. Safi sana."

"Jana ulinusa chuma, leo unanusa usafi. Kesho utanusa pepo."

Taratibu alikuwa amesogea. Aliitazama ile chupa, akaiinamia, kipaji cha uso kikajikunja. "Shemeji, hii oili..."

"Wewe nyamaza. Hukuulizwa."

"Lakini rangi yake..."

"Nimesema nyamaza! Zamu yako ya kusikia imepita."

Bi Shoka akafunga kifuniko, akaitia chupa mkobani, akaondoka akiwa ameridhika kabisa na nafsi yake. Kumbuka hapo, msomaji. Mwanamke huyu angemwachia mtu huyu amalize sentensi moja tu, mengi ya siku ile yasingetokea.

*

Safari hii mpimaji hakupiga mwayo. Alitoka na ile chupa akaigonga mezani.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kivipi?"

"Nimekwambia msiiguse, umeniletea oili ya dukani. Dawa zake zote bado zimo kama zilivyotoka kiwandani. Chuma chenyewe ni cha kutafuta kwa tochi. Oili hii haijakwenda safari yoyote, labda kutoka kwenye kopo kuingia kwenye lori. Kahawia uliyoiona ni masalio ya ile ya zamani."

Masikio ya Bi Shoka yalipiga mluzi. "Una maana imebadilishwa?"

"Nina maana mmenipotezea asubuhi. Mtu akiambiwa kitu kisiguswe halafu akakigusa, kuna anachokificha. Huyo mtafuteni nyumbani kwenu, mimi napima oili tu."

Kumtafuta? Bi Shoka hakuona haja ya kumtafuta. Alimwona wazi, amekaa kwenye tairi kuukuu. Njiani alikuwa akiongea peke yake, na wapita njia wakampisha.

Aliingia getini akiwa ameshaanza.

"Mchawi wangu yuko wapi? Njoo hapa, mpole wa watu! Unajifanya kusikia injini, kumbe usiku unaivua nguo! Umeimwaga oili ili usijulikane. Miaka yote nimekulisha, kumbe nafuga mwizi anayeiba ushahidi!"

Mafundi waliacha kazi. Bintiye, aliyekuwa ofisini na mumewe, alitoka mlangoni. Manukato alibaki kizingitini, mikono mfukoni, uso wa mtu anayesikitika kwa mkataba.

Taratibu alisimama. Alimwacha amalize, jambo ambalo yeye mwenyewe hakufanyiwa asubuhi.

"Umemaliza, shemeji?"

"Sijamaliza! Kusanya vitu vyako."

"Nitakusanya. Ila nijibu moja. Oili mpya iliyoingia imetoka wapi? Stoo. Na ufunguo wa stoo ya oili anao nani?"

Yadi nzima iligeukia mkoba wa Bi Shoka. Hata yeye mwenyewe aliutazama, kana kwamba ndio umeulizwa. Ufunguo ni mmoja, na haujawahi kulala nje ya mkoba ule. Mkoba ule haulali nje ya nyumba yake. Na jana nyumbani kwake alikuja mgeni mmoja tu, akala, akaosha vyombo.

Alimgeukia bintiye polepole.

Mikono ya binti ilikuwa imejificha nyuma. "Ilete," mama yake alisema. Ikaletwa. Chini ya kucha kulikuwa na mstari mweusi ambao sabuni ya vyombo haiutoi.

"Ni mimi, mama," binti alisema, akaanza kulia. "Ulipokwenda kuoga nikachukua ufunguo. Nilikuja hapa jioni mlinzi na baba mdogo walipokwenda kuswali, nikaimwaga yote kwenye pipa la oili chafu, nikajaza mpya, nikarudi kwako kama nimesahau kanga, nikautia ufunguo mkobani. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo, unakumbuka? Niliogopa. Kipimo cha pili kingemmaliza. Ungemfukuza."

Taratibu aliyumba kidogo. Matusi yote ya shemejiye yalikuwa yamempita kama upepo. Hili halikumpita.

"Na wewe mwanangu?" alisema. "Na wewe ulidhani nimeliua lori?"

Binti alishindwa kumtazama.

"Ngoja," Bi Shoka alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo mafundi hawakulipenda kabisa. "Nani alikwambia kipimo cha pili kingemmaliza? Mimi sikusema. Mpimaji hakusema."

"Mume wangu. Alisema injini imeoza, na kipimo kikirudi baba mdogo atalala ndani. Alisema kama kungekuwa na mtu anampenda kweli, angeimwaga ile oili."

Vichwa viligeuka tena, mara hii kuelekea kizingitini. Marashi yalikuwa yale yale. Uso ulikuwa mwingine.

"Mama, mimi nilikuwa naongea tu," Manukato alisema. "Mambo ya mume na mke."

"Kumbe ulijua." Bi Shoka alimsogelea hatua kwa hatua. "Mpimaji alikuuliza kama ni jipya, ukajifanya una haraka. Ulijua likipimwa mara ya pili litaonekana zima. Na lori zima yule mtu wako halichukui kwa bei ya chuma chakavu. Eti una mtu! Mtu gani? Wewe na yeye mmekula njama mnigawane nikiwa hai!"

"Huna ushahidi," Manukato alisema, na sasa hakusema mama. "Oili imeshamwagwa. Mwanao ndiye aliyeimwaga. Hakuna atakayejua lile lori lina nini ndani."

Na hapo alisema kweli, mjinga yule. Oili ya lori jekundu ilikuwa imezama pipani pamoja na oili za malori yote, na hakuna maabara duniani ingeitenga.

"Filta ulibadilisha?" Taratibu alimuuliza binti, kwa sauti ile ile ya kumfundisha.

"Hapana, baba. Iligoma kufunguka."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Taratibu kutabasamu, na halikuwa tabasamu kubwa. "Basi shahidi yupo. Oili inapita, filta inashika. Kilicholiwa ndani ya injini kimo humo."

Manukato aliruka. "Hamruhusiwi! Mtapoteza garanti!"

"Jana ulitaka kuuza lori lote," Bi Shoka alimwambia, "leo unalilia garanti. Fundi Pua! Fungua."

Filta ilitoka kwa jasho, ikawekwa kwenye meza ya chuma mbele ya gereji. Fundi Pua akashika msumeno.

"Si kwa msumeno," Taratibu alisema. "Utatia unga wako mwenyewe halafu tulilaumu lori. Tumia mkasi wa bati."

Kopo la filta likakatwa, karatasi ya ndani ikatolewa na kukunjuliwa juu ya kitambaa cheupe. Vichwa vyote vikainama. Hakuna kipande. Hakuna hata ukucha wa chuma. Ulikuwepo unga laini tu, unaometameta kidogo ukiusogeza juani, na sumaku ilipopitishwa ilibeba manyoya membamba yasiyofika hata punje ya mchele.

Fundi Pua alisugua unga ule kati ya vidole. Mkono ukaanza kupanda kuelekea puani. Akamwona Bi Shoka anamtazama, akaushusha.

"Vyuma vinazoeana tu, mama," alisema kwa unyonge. "Ingekuwa inaliwa, tungeona vipande. Lori zima hili."

Zima! Mafundi walipiga makofi. Binti alijifuta machozi kwa kiwiko. Na Bi Shoka akabaki na neno moja kooni, neno ambalo hajawahi kumwambia mtu tangu alipojua kusema. Alilimeza, likarudi. Akalimeza tena.

"Haya," alisema hatimaye, akitazama pembeni. "Chumba kaa nacho. Kazi iendelee."

Hilo ndilo aliloliweza, mama wa watu! Mtu umemwita mwizi mbele ya yadi nzima, halafu unamrudishia chumba kilicho ndani ya ukuta alioujenga mwenyewe.

Taratibu alikipangusa kitambaa cheupe, akakikunja mara mbili, akamkabidhi.

"Lori ni zima, shemeji. Aliyesagika ni mimi."

Akaingia uani. Alitoka na begi moja tu, begi lenyewe halikujaa, akaelekea getini kwa mwendo wake wa siku zote. Binti alimfuata akimwita baba, baba. Mafundi wakamfuata binti. Bi Shoka naye miguu ikamchukua bila ruhusa yake, akajikuta katikati ya yadi, kitambaa mkononi, kifua kikimuuma mahali ambapo hakujua kama kuna kitu.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Manukato, wala aliyemkumbuka yule mtu wake anayelingoja lori.

Nyuma yao mlango wa lori jekundu ulifungwa kwa kishindo. Funguo! Funguo alikuwa nazo yeye tangu jana, na aliyempa ni Bi Shoka kwa mkono wake mwenyewe.

Injini iliwaka.

Fundi Pua ndiye wa kwanza kugeuka. Uso ulimkauka. "Filta!" alipiga kelele. "Mama, filta hatujarudisha! Lori halina filta!"

Ilikuwa bado juu ya meza, tumbo wazi. Na pale ilipotakiwa kuwa, chini ya lile lori zima, oili mpya ilikuwa ikiruka nje kwa nguvu, ikimwagika ardhini, ikisambaa mpaka kwenye viatu vya mafundi. Manukato, ambaye anajua kuwasha tu, alikanyaga pedali ya mafuta. Injini ikapanda sauti. Kisha ndani ya ile sauti ukaingia mlio mwingine, mwembamba, mkavu, ambao pale yadini mtu mmoja tu alijua maana yake na muda uliobaki kabla injini haijafa kweli.

Mtu huyo alikuwa ameshafika getini, begi begani, mgongo kwao.

Bi Shoka alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Shemeji!" aliita, na kwa mara ya kwanza neno lake lilitoka bila makali. "Shemeji, nisamehe! Rudi!"

Taratibu alisimama. Lakini hakugeuka.